Somo la Pombe Haliishii Darasani

SOMO LA KUJIFUNZA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

Maandiko ya kusoma: Yeremia 35, Danieli 1:8, Mithali 23:29-35

Shabaha ya somo: Kuelewa jinsi shule na wazazi wanavyoweza kushirikiana ili kijana asianze kunywa pombe.



Mwezi huu tunajifunza juu ya jambo linalogusa karibu kila nyumba yetu. Kijana akionekana amelewa, sisi wazazi huuliza, "Huko shuleni mnawafundisha nini?" Walimu nao huuliza, "Nyumbani mnawalea namna gani?" Maswali haya mawili yote ni ya haki, na jibu lake ni moja. Somo la pombe darasani linaweza kusaidia, lakini nyumba inaweza kulitegemeza au kulibomoa jioni ile ile. Tusome polepole, na tuone kila upande una kazi gani.

1. KWAPA, MAHALI PA MFANO

Tumechagua kutazama Kwapa, gombolola ya wilaya ya Tororo iliyo mpakani mwa Uganda na Kenya. Jamaa nyingi zetu zinaijua njia hiyo. Mapema mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi wa Kenya, maelfu ya watu walivuka mpaka kupitia Malaba na Busia. Wengi walikaa kwanza katika kambi ya Mulanda, wilayani Tororo, kisha baadaye mwaka huo wakahamishiwa Kiryandongo. Watoto waliobebwa mgongoni siku zile wamekua, na wadogo zao ndio walio madarasani leo.

Wenyeji wengi wa Kwapa ni Waiteso, na ndugu zao wako ng'ambo ya pili, katika kaunti ya Busia ya Kenya. Mwaka 1902 Waingereza waliihamisha nchi iliyokuwa mkoa wa mashariki wa Uganda na kuiunganisha na ile inayoitwa Kenya leo. Tangu hapo ukoo mmoja ukawa chini ya serikali mbili. Lakini chungu cha pombe ya wimbi, yaani ajono, kilibaki kimoja. Wazee hukizunguka na mirija yao mirefu, maji ya moto yakiongezwa, nao huzungumza mambo ya mazishi, ya mahari na ya mashamba.

Ivan Karp, mtaalamu wa Marekani aliyeishi kati ya Waiteso wa upande wa Kenya, aliandika juu ya vikao hivyo mwaka 1980. Alionyesha kwamba unywaji ule ulikuwa na adabu zake: jinsi ya kukaa, jinsi ya kushika mrija, na jinsi ya kuheshimiana. Hatusemi kwamba kwa sababu hiyo ulevi haukuwapo. Tunasema kwamba kinywaji kilikuwa na mahali pake, na wazee walikuwa wakitazamana.

Leo hali ni nyingine. Malaba na Busia ni miji ya malori. Madereva hungoja zamu, na palipo na watu wanaongoja usiku hapakosi vinywaji. Waragi upande huu na chang'aa upande ule huuzwa kwa kipimo kidogo ambacho hata mtoto mwenye senti chache hukimudu. Kijana hanywi tena mbele ya babu yake. Hunywa nyuma ya kibanda, haraka, akiwa na rafiki zake peke yao. Hapo hakuna mzee wa kumwambia, "Basi, inatosha."

2. KWA NINI KIJANA ASIANZE MAPEMA

Wengine husema, "Nilipewa nikiwa mdogo, na mbona sijafa?" Tuwajibu kwa upole, kwa mambo yanayojulikana.

Kwanza, ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka umri wa miaka 25 hivi. Sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima mambo na kujizuia. Kwa hiyo pombe humkuta kijana breki zake zikiwa bado hazijafungwa vizuri.

Pili, kuanza mapema huongeza hatari ya kuwa mtumwa wa pombe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano wa kushikwa na ulevi sugu mara nne zaidi kuliko walioanza wakiwa na miaka 21.

Tatu, pombe kali hudanganya macho. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kileo. Mililita 100 tu za waragi ya asilimia 40, ambayo ni chini ya nusu ya kikombe cha chai, zina gramu 30 na zaidi. Mtoto anaona amekunywa kidogo, kumbe amepita mtu mzima aliyemaliza bia nzima. Kwa sababu ya hatari kama hizi Uganda ilipiga marufuku pakiti za plastiki za waragi mwaka 2019. Lakini pakiti iliondoka, kinywaji kikabaki, sasa kikiuzwa katika chupa.

Nne, pombe kali ya magendo yaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Mtu hawezi kuitambua kwa rangi wala kwa kuonja. Mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika mitaa ya Mukuru, Nairobi. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale, Uganda, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi yenye sumu hiyo.

Wala tusidhani kwamba jambo hili huanza sekondari. Mwaka 2020 watafiti waliofanya kazi Mbale, mji ulio jirani na Tororo, walitoa taarifa juu ya watoto wa miaka 5 hadi 8 ambao tayari walikuwa na dalili za kutawaliwa na pombe. Hao hawakuanza kwenye baa. Mtoto wa umri huo hupata pombe kutoka kwa watu wanaomlea.

3. SHULE IMEJARIBU NINI

Nchi nyingi zimejaribu kufundisha juu ya pombe shuleni. Zimejifunza kwa gharama kubwa kipi kinasaidia na kipi hakisaidii, nasi tunaweza kuyapokea mafunzo hayo bure.

Kilichojaribiwa zaidi ni kuogofya. Mgeni huja shuleni, huonyesha picha ya ini lililooza, hupaza sauti, kisha huondoka. Watoto hutetemeka siku ile, na juma lifuatalo wamesahau. Huko Los Angeles, Marekani, mwaka 1983 ulianzishwa mpango ulioitwa D.A.R.E., ambao polisi waliingia madarasani kufundisha juu ya madawa na pombe. Ulienea sana na wazazi waliupenda. Lakini tafiti nyingi zilizofuata ziliona kwamba watoto waliofundishwa hivyo hawakutofautiana sana na wenzao katika kunywa. Kujua kwamba kitu ni kibaya si sawa na kuweza kukikataa rafiki anapokusukumia mkononi.

Mwaka 2011 wataalamu wawili walikusanya majaribio 53 ya masomo ya shuleni ya kuzuia pombe, mengi yakiwa ya Marekani na Ulaya. Kati ya majaribio 11 yaliyofundisha juu ya pombe peke yake, 6 yalionyesha faida fulani. Kati ya 39 yaliyofundisha stadi za maisha kwa jumla, 14 yalionyesha faida. Maana yake ni nini? Somo la shule si dawa ya uhakika, wala si kazi bure. Inategemea linafundishwa namna gani.

Masomo yanayosaidia hufanana katika mambo haya:

(a) Humpa mtoto mazoezi. Wanafunzi huigiza: mmoja anashawishi, mwingine anakataa, darasa linatazama na kusahihisha. Mdomo huzoea kusema hapana kabla siku yenyewe haijafika.

(b) Husahihisha uongo wa "kila mtu anakunywa." Kijana hudhani wenzake wote wanakunywa, kumbe wengi hawanywi, ila wanyamavu hawaonekani. Akijua hivyo hupata ujasiri.

(c) Hurudiwa. Mpango wa Ulaya uitwao Unplugged, uliojaribiwa katika nchi 7 kwa watoto wa miaka 12 hadi 14, una masomo 12. Mwaka mmoja na nusu baadaye, visa vya kulewa vilikuwa vichache zaidi kati ya waliofundishwa.

(d) Huwafundisha watoto kubeba huzuni na hasira bila kuzizamisha. Shirika la Afya Duniani liliorodhesha stadi 10 za maisha, na kati yake kuna kuamua, kutatua matatizo, kuwasiliana, na kustahimili mfadhaiko. Kenya ilianza kufundisha stadi za maisha kama somo shuleni mwaka 2008. Kwa watoto wetu, ambao baadhi yao wameona nyumba zikichomwa, stadi hii ya mwisho ina uzito wa pekee.

4. UPANDE WA WAZAZI

Sasa tunafika kwenye moyo wa somo. Huko Uholanzi, watafiti walichukua shule 19 za sekondari na kuzigawa katika mafungu manne. Fungu la kwanza, wanafunzi peke yao walifundishwa. Fungu la pili, wazazi peke yao waliitwa na kuelekezwa. Fungu la tatu, wanafunzi walifundishwa na wazazi wakaitwa pia. Fungu la nne waliendelea kama kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalikuwa wazi. Fungu lililoonyesha faida kubwa, hasa katika unywaji wa kila juma, lilikuwa lile la tatu. Kuwafundisha watoto peke yao hakukutosha, wala kuwaita wazazi peke yao.

Wazazi wale walifanya nini kikubwa? Hawakupewa fedha wala vitabu vingi. Waliitwa kwenye mkutano mwanzoni mwa mwaka, wakaelezwa madhara ya kuanza mapema, kisha wazazi wa darasa moja wakakubaliana kanuni za pamoja: watoto wetu hawanywi kwa sasa, na kanuni ni hiyo hiyo katika kila nyumba.

Tutafakari nguvu ya jambo hilo. Mzazi mmoja akisema hapana, mtoto hujibu, "Mbona nyumbani kwa fulani wanaruhusiwa?" Wazazi thelathini wakisema neno moja, swali hilo hufa. Wazee wa Kiswahili walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapa makambini sisi hukaa karibu karibu kuliko watu wa mjini. Tunachota maji kwenye bomba moja na kupanga foleni moja ya posho. Wazazi wa darasa moja wanaweza kukutana chini ya mti mmoja bila nauli yoyote. Jambo walilolifanya kwa bajeti huko Uholanzi, sisi tunaweza kulifanya kwa nia.

5. PALE PANAPOUMA

Hatuwezi kumaliza somo hili bila kugusa jambo ambalo wengi hulikwepa. Katika jamaa nyingi pombe ndiyo inayolipa karo. Mama aliyepoteza shamba na mume hubaki na sufuria, kuni na ujuzi wa kupika. Akiuza mtungi wa busaa au ajono hupata daftari, sare na ada ya mtihani. Ukimwambia tu, "Acha dhambi hiyo," umemwambia mtoto wake aache shule. Hatutaki kanisa limhukumu mama huyo na kumwacha na njaa yake.

Lakini tumwambie ukweli kwa upendo. Kazi ile inaweza kumlipia mtoto karo na kumharibu mtoto yule yule. Hii hutokea hasa kwa njia nne, na kila moja inaweza kufungwa kuanzia jioni ya leo, hata kabla biashara nyingine haijapatikana.

Ya kwanza ni kuonjeshwa. "Onja uniambie kama imeiva." Mtoto asionje kamwe. Mwenye kupika aonje mwenyewe.

Ya pili ni kutumwa. Mtoto anayetumwa kununua waragi ya baba hujua bei, hujua mlango, na muuzaji hujua jina lake. Sheria ya Uganda na ya Kenya zote zinakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 inataka pia baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shuleni. Je, itafaa nini baa kuwa mbali na shule ikiwa sisi wenyewe tunampeleka mtoto mpaka mlangoni?

Ya tatu ni kuhudumu. Binti anayewapelekea walevi vikombe jioni yuko katika hatari mbili, ya pombe na ya mikono ya watu. Saa za wanywaji zikifika, watoto wawe kwa jirani, kwa shangazi, au kwenye kikundi cha kusoma.

Ya nne ni machicha na masalio. Yamwagwe au wapewe wanyama mapema, yasibaki pale watoto wanapocheza.

Pamoja na hayo kanisa lina deni. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa viwape kipaumbele akina mama wanaotaka kubadili kazi: kukaanga mandazi, kufuga kuku, kushona, kuuza mboga. Tukimwambia mtu aiache pombe, tumshike mkono anapovuka.

6. MFANO WA WAREKABI

Wengi wetu tunamjua Danieli, kijana aliyechukuliwa mateka, akatiwa katika shule ya mfalme wa kigeni, akaazimu moyoni mwake asijitie unajisi kwa chakula na divai ya mezani pa mfalme. Lakini Yeremia 35 inatuonyesha jamaa nzima.

Warekabi walikuwa watu wa kuishi katika mahema. Jeshi lilipoivamia nchi walikimbilia Yerusalemu, wakawa wakimbizi ndani ya mji. Humo nabii Yeremia aliwaingiza katika chumba cha hekalu, akawawekea mabakuli ya divai, akawaambia wanywe. Wakakataa, kwa sababu baba yao Yonadabu aliwaagiza hivyo zamani.

Wakristo hawakubaliani wote juu ya divai, na leo hatufundishi hoja hiyo. Tuangalie jinsi mafundisho yalivyodumu. Kwanza, yalikuwa ya nyumba nzima: waume, wake, wana na binti. Hapakuwa na kanuni moja ya watoto na nyingine ya baba. Pili, walijua kueleza. Walipoulizwa walisema agizo limetoka kwa nani na wameishi nalo vipi. Tatu, waliweza kumkataa hata mtu wa heshima, tena mahali patakatifu, bila kumtukana. Hiyo ndiyo stadi ambayo mwalimu mzuri huifanyisha mazoezi darasani.

Tena walipoteza makao, lakini hawakupoteza malezi. Nasi tulivuka mpaka bila ng'ombe na bila vyombo. Malezi hayazuiliwi mpakani.

7. MAMBO YA KUFANYA MWEZI HUU

Kwa wazazi: Kila kikundi cha wazazi wa darasa moja wakutane mara moja pamoja na mwalimu wa darasa. Wakubaliane kanuni tatu tu: hatuwapi watoto pombe, hatuwatumi pombe, na tunaambizana tukimwona mtoto wa mwenzetu akinywa. Anayeambizwa asikasirike.

Kwa baba: Ukitaka maneno yako yasikike, usirudi nyumbani ukiyumba. Ikiwa pombe imekushika, njoo kwa wazee tukusaidie na kukusindikiza kwenye kituo cha afya. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiache ghafla peke yake, kwa maana kutetemeka na degedege vinaweza kumpata. Aone mganga kwanza.

Kwa walimu na viongozi wa vijana: Tumieni dakika 20 kila juma kwa maigizo ya kukataa. Mshawishi aseme, "Kunywa kidogo tu, wewe si mtoto." Mwingine ajibu kwa kifupi, "Hapana, mimi sinywi," kisha abadili mazungumzo au aondoke. Asitoe sababu nyingi, kwa kuwa kila sababu hupata jibu.

Kwa vijana: Chagua rafiki mmoja mnayepatana kwamba hamtakunywa. Kukataa wawili ni rahisi kuliko kukataa peke yako.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtoto wa hapa kwetu huonja pombe kwa mara ya kwanza wapi, na nani humpa?
2. Kati ya njia nne zilizotajwa katika sehemu ya 5, ni ipi inayohusu nyumba yangu?
3. Ni mama yupi katika kikundi chetu anayetaka kuacha kupika pombe, na sisi tunaweza kumchangia nini?
4. Warekabi walikumbuka neno la baba yao. Watoto wetu watakumbuka neno gani letu?

Kila kikundi kimchague mtu mmoja wa kuzungumza na mwalimu mkuu juu ya mkutano wa wazazi kabla muhula haujafika katikati, naye alete majibu Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Bwana awalinde watoto wetu, na sisi atupe uvumilivu wa kuwalea.